Barua ya wazi kwa wakuu wa kampuni za teknolojia: udukuzi wa dola na udhibiti wa mtandao ni jambo moja

Kwa wakuu wa Google, Apple, Microsoft, Meta, Amazon na Cloudflare,

YAH: MATUNDU MNAYOWATOBOLEA WATAWALA NA WADUKUZI WANAOYAPITIA

Waheshimiwa,

Tunawaandikia tukiwa mafundi wa mitandao na walinzi wa mifumo, watu ambao kazi yetu ni kusoma rekodi za seva, kuziba matundu na kuwasaidia waliodukuliwa. Tunayo hoja moja. Katika kampuni zenu, udukuzi unaofanywa na dola umewekwa mikononi mwa wahandisi wa usalama, ilhali udhibiti wa mtandao umeachiwa mawakili na maafisa wa uhusiano na serikali. Wahandisi wanapambana, mawakili wanaafikiana. Mgawanyo huo unatuumiza, kwa sababu dola inayomzuia mtu asisome ndiyo hiyo hiyo inayozisoma barua zake, na mara nyingi hupitia tundu lile lile. Kila mnapoafiki jambo kwenye meza ya mawakili, mmetoboa mahali ambapo wahandisi wenu watakesha wakipaziba.

Google waliliona hili mapema kuliko wengine. Waliingia China Januari 2006 na google.cn, tovuti iliyochujwa matokeo, wakaweka chini ya ukurasa taarifa kwamba baadhi ya matokeo hayaonyeshwi kwa mujibu wa sheria za huko. Katikati ya Desemba 2009 wakagundua kwamba wamevamiwa. Tarehe 12 Januari 2010 David Drummond, aliyekuwa mwanasheria mkuu wa kampuni, alitangaza hadharani kwamba shambulio limetokea China, kwamba kampuni nyingine kubwa zisizopungua 20 zimelengwa, na kwamba shabaha mojawapo ilikuwa akaunti za Gmail za watetezi wa haki za binadamu wa China. Katika tangazo hilo hilo akasema Google haiko tayari kuendelea kuchuja matokeo. Siku hizo hizo Gmail ikahamishiwa HTTPS, yaani muunganisho uliosimbwa ambao wa katikati hawezi kuusoma, kwa kila mtumiaji bila kumtaka abofye chochote, na tarehe 22 Machi 2010 wanaofungua google.cn wakaanza kupelekwa kwenye tovuti ya Hong Kong. Tumedukuliwa, kwa hiyo hatuchuji tena: hoja mbili katika karatasi moja. Kampuni nyingi kati ya zile nyingine zilinyamaza.

Namna walivyoingia inafaa kukumbukwa, maana haikuwa na miujiza yoyote. Mfanyakazi alibofya kiungo, ukurasa ukafunguka ndani ya Internet Explorer 6, kivinjari cha mwaka 2001 kilichokuwa bado kinatumika ofisini. Kivinjari hicho kilikuwa na kosa la kuachia kipande cha kumbukumbu ya kompyuta kisha kukitumia tena kana kwamba bado ni chake. Mdukuzi akawahi kukijaza msimbo wake. Microsoft ilikuwa imeshaarifiwa kosa hilo miezi kadhaa kabla, lakini sasisho likatoka tarehe 21 Januari 2010, siku tisa baada ya tangazo la Google. Mapengo ya namna hiyo, kati ya siku kosa linapojulikana na siku linapozibwa, ndiyo wadukuzi wa dola wanayoyasubiri.

Lipo jambo la pili kuhusu uvamizi ule ambalo lilijulikana baadaye, na kwetu sisi ndilo zito zaidi. Mwaka 2013 gazeti la Washington Post, likiwanukuu maafisa wa Marekani waliokuwa kazini na waliostaafu, liliandika kwamba wavamizi hao walifika pia kwenye hifadhi ya taarifa za watu ambao mahakama za Marekani ziliagiza wafuatiliwe. Yaani mfumo uliowekwa ili serikali moja ipate taarifa kwa amri halali ukaipa serikali nyingine nafasi ya kujua ni majasusi wake gani wanaoshukiwa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Halikuwa la kwanza, wala halikuwa la mwisho. Nchini Ugiriki, kuanzia Agosti 2004 hadi Machi 2005, simu zaidi ya 100 za mtandao wa Vodafone zilisikilizwa, ikiwemo ya waziri mkuu Kostas Karamanlis. Mitambo ya Ericsson ilikuwa na sehemu ya kusikiliza simu kwa amri ya mahakama, lakini kampuni haikuwa imenunua programu ya kuisimamia. Kwa hiyo uwezo wa kusikiliza ulikuwepo, na chombo cha kuonyesha nani anasikilizwa hakikuwepo. Wadukuzi wakaiwasha sehemu hiyo kimyakimya, na sauti ikawa inanakiliwa kwenda kwenye simu 14 za malipo ya kabla. Waligundulika kwa bahati: Januari 2005 walipoboresha programu yao waliharibu upelekaji wa meseji, wateja wakalalamika, Ericsson wakachunguza. Kisha likafanyika kosa ambalo tunaliona hadi leo: kampuni ikaing'oa programu ile kabla ya wapelelezi kufuatilia mawimbi ya zile simu 14, nazo zikazimwa zote. Miaka 20 baadaye, mwaka 2024, ikajulikana kwamba kundi la China linaloitwa Salt Typhoon limeingia kwenye kampuni za simu za Marekani, zikiwemo AT&T na Verizon, na kunakili taarifa zinazohusu amri za ufuatiliaji zinazotolewa na mahakama. Uwezo huo ulilazimishwa na sheria ya mwaka 1994. Desemba 2024 wakala wa usalama wa mitandao wa nchi hiyo ukawashauri viongozi wake watumie mawasiliano yaliyosimbwa mwanzo hadi mwisho, yanayosomeka na mtumaji na mpokeaji tu, na wasitegemee meseji za kawaida.

Tunachotaka hapa ni mambo ya kiufundi yanayoweza kuanza kesho. Mfumo unaopokea amri za mahakama na polisi uwe na mtandao wake, usioshirikiana nywila wala kompyuta na barua pepe za ofisi. Kila upekuzi uidhinishwe na watu wawili walioko nchi mbili tofauti. Rekodi ya kila upekuzi iandikwe kwenye seva ambayo msimamizi wa mfumo huo hana ruhusa ya kuifuta. Jina la anayefuatiliwa lifutwe amri inapoisha muda. Na ikigundulika kwamba mtu ameingia, msikimbilie kung'oa. Nakilini kwanza, tazameni data inakwenda wapi, ndipo mfunge.

Njia ya uhakika zaidi, hata hivyo, ni kutokuwa na kitu cha kutoa. Mwaka 2004 mwandishi wa habari Shi Tao alituma nje ya China, kwa akaunti ya Yahoo, maelekezo ambayo idara ya propaganda iliyapa magazeti kuhusu maadhimisho ya miaka 15 ya mauaji ya waandamanaji wa Tiananmen. Yahoo ikatoa taarifa za akaunti, Aprili 2005 akahukumiwa miaka 10. Novemba 2007 mkuu wa Yahoo, Jerry Yang, alimwinamia mama wa mfungwa huyo mbele ya Bunge la Marekani, lakini taarifa ilikuwa imeshatoka. Google walipoingia China mwaka uliofuata hukumu hiyo walikataa kuweka Gmail na Blogger ndani ya nchi, na uamuzi huo wa kuchagua seva ikae wapi uliwalinda watu wengi kuliko tamko lolote. Apple, kinyume chake, tarehe 28 Februari 2018 walikabidhi iCloud, yaani hifadhi yao ya mtandaoni, ya watumiaji wa China kwa kampuni ya mkoa wa Guizhou yenye uhusiano na serikali, na funguo za kusimbua zikahamia huko huko. Hapo mdukuzi wa dola hana haja ya kudukua.

Msidhani tunaisema China peke yake. Februari 2025 Apple iliondoa nchini Uingereza ulinzi wa juu wa iCloud, ule unaoziacha funguo mikononi mwa mtumiaji tu, baada ya serikali ya London kudai njia ya kuingia. Tunawapongeza kwa kukataa kutoboa tundu la siri kwa dunia nzima. Lakini kuuondoa ulinzi wenyewe maana yake ni kwamba nakala za simu za watu wa nchi hiyo sasa zinaweza kufunguliwa na kampuni, na kinachoweza kufunguliwa na kampuni kinaweza kuibwa kwenye kampuni. Usimbaji wa mwanzo hadi mwisho kwenye nakala za akiba uwe hali ya kawaida kwa kila akaunti mpya, usiwe swichi iliyofichwa ndani ya menyu tano. WhatsApp inao tangu 2021, na nakala bado hazisimbwi hivyo mpaka mtumiaji mwenyewe aende kwenye mipangilio auwashe. Hilo mnalijua.

Kuna kifungo kingine: ofisi. Rais wa Urusi alitia saini tarehe 1 Julai 2021 sheria inayozitaka kampuni za nje zenye watumiaji zaidi ya 500,000 kwa siku zifungue ofisi nchini humo. Miezi miwili na nusu baadaye, tarehe 17 Septemba, siku ya kwanza ya uchaguzi wa bunge, Google na Apple waliiondoa programu ya kambi ya mpinzani Alexei Navalny iliyowaelekeza wapiga kura, baada ya wafanyakazi wao walioko Urusi kutishiwa kushtakiwa. Hatuwalaumu wale wafanyakazi hata kidogo. Tunawalaumu waliowaacha pale wakiwa na uwezo wa kutishwa. Mfanyakazi aliye katika nchi ya namna hiyo asiwe na ruhusa ya kuondoa programu, kufungua akaunti wala kusoma data, na serikali iambiwe hivyo kwa maandishi mapema, kabla ya msimu wa uchaguzi. Nigeria iliifungia Twitter Juni 2021 na kuifungulia Januari 2022 baada ya kampuni kukubali kujisajili huko, kwa hiyo sharti hili linatembea, na litafika kwenu tena kutoka kwingine.

Sasa tuje kwenye waya wenyewe, maana hapa mna rekodi nzuri na tunataka muikumbuke. Julai 2011 wadukuzi waliingia kwenye DigiNotar, kampuni ya Uholanzi iliyokuwa inatoa vyeti vya tovuti, yaani uthibitisho unaokihakikishia kivinjari kwamba tovuti ni yenyewe, wakajitolea vyeti bandia zaidi ya 500, kimojawapo cha Google. Kwa cheti hicho mtu aliyekaa katikati ya mtandao wa Iran aliweza kujifanya Gmail, na kufuli la kivinjari likaonekana zima. Anwani za IP zipatazo 300,000, karibu zote za Iran, ziliguswa. Aliyefichua ni mtumiaji wa kawaida wa Iran ambaye Chrome ilimkatalia kufungua Gmail, kwa sababu Chrome ilikuwa imekariri vyeti halali vya Google. Mkaiondoa DigiNotar kwenye vivinjari, ikafilisika Septemba mwaka huo. Kutoka hapo mkajenga daftari la wazi la vyeti, na vyeti vilivyotolewa baada ya Aprili 2018 ambavyo havimo kwenye daftari hilo Chrome haivikubali.

Kazakhstan ni mfano bora zaidi. Julai 2019 kampuni za simu za nchi hiyo ziliwaambia wateja wasakinishe cheti cha serikali, la sivyo tovuti kadhaa hazitafunguka. Aliyekisakinisha alikuwa ameipa serikali uwezo wa kusimbua Facebook, Google na mengineyo. Agosti 2019 Google, Mozilla (wenye kivinjari cha Firefox) na Apple wakakifungia cheti hicho ndani ya vivinjari, hata kwa mtu aliyekisakinisha kwa mkono wake. Serikali ikajaribu tena Desemba 2020. Safari hii Microsoft ikaungana na hao watatu. Hakuna kampuni iliyofukuzwa nchini, hakuna mfanyakazi aliyekamatwa, kwa sababu moja: walifanya kwa pamoja, serikali ikakosa wa kumtenga. Tunauliza kwa nini mbinu hii imeishia kwenye vyeti.

Kwa upande wa pili, mlipotengana mlishindwa. Kuanzia mwishoni mwa 2016 Signal, programu ya ujumbe uliosimbwa, ilipofungiwa Misri, Falme za Kiarabu, na kisha Oman na Qatar, ilitumia mbinu ya kujificha nyuma ya jina kubwa. Simu ikifungua tovuti kwa HTTPS, jina la tovuti hutajwa mara mbili: mara ya kwanza kwa uwazi, simu na seva zinaposalimiana, na mara ya pili ndani ya mazungumzo yaliyokwisha kusimbwa. Mdhibiti huliona la kwanza tu. Signal ilitaja google.com kwa nje na anwani yake halisi kwa ndani, na mdhibiti wa Muscat akitaka kuizuia ilimlazimu aizuie Google nzima. Kwa Waswahili wengi wenye ndugu Oman na Ghuba hiyo ilikuwa njia ya kuongea na nyumbani bila mtu wa tatu kusikiliza. Aprili 2018 Google ikaifunga njia hiyo. Signal walipotaka kuhamia Amazon, Amazon ikaifunga pia na kutishia kuisimamisha akaunti yao. Mlisema haikuwa huduma mliyoahidi. Ni kweli, haikuwa. Lakini mliiondoa bila kuweka nyingine mahali pake, na waliofurahi mnawajua.

Mbadala sasa upo, unaitwa ECH: ile salamu ya kwanza nayo inasimbwa. Una udhaifu wa aina mbili, na zote mbili ziko ndani ya uwezo wenu. Kwanza, funguo za kusimba salamu hutolewa kupitia DNS, mfumo unaobadili jina la tovuti kuwa anwani ya seva. DNS isiposimbwa, mdhibiti analiondoa jibu lenye funguo na kivinjari kinarudi kwenye salamu ya wazi bila kumwambia mtumiaji neno. Kwa hiyo DNS iliyosimbwa lazima iende sambamba na ECH, na kivinjari kionyeshe pale kinaporudi nyuma. Pili, Cloudflare, ambayo seva zake husimama mbele ya tovuti nyingi, hutaja jina moja la nje kwa tovuti zake zote, cloudflare-ech.com. Novemba 2024 Urusi ikaanza kukata kila muunganisho wenye jina hilo pamoja na alama ya ECH. Ilikuwa rahisi kwa sababu ni kampuni moja na jina moja. Google, Amazon na Microsoft wakiwasha ECH kwenye seva zao za mbele, majina ya nje yakawa mengi na ya kawaida, kuikata kutaigharimu nchi benki zake, barua pepe za wizara zake na sasisho za simu za watu wake.

Pale ambapo HTTPS haipo kabisa, udhibiti hugeuka silaha. Machi 2015 mtambo uliowekwa kwenye mpaka wa mtandao wa China ulikuwa unanasa maombi ya msimbo wa takwimu wa Baidu, mtambo wa kutafutia wa China, yaliyotoka kwa watu walioko nje ya nchi. Kwa asilimia 1.75 tu ya maombi hayo ulirudisha msimbo mwingine, uliokigeuza kivinjari cha mtu asiyejua lolote kuwa askari wa kuishambulia GreatFire, kundi linalopinga udhibiti wa China, na baadaye GitHub, tovuti ya kuhifadhi misimbo. Mengine yote ukayapitisha salama, ndiyo maana haukuonekana haraka. GreatFire walisema gharama zao za Amazon zilifika dola 30,000 kwa siku. Amazon, Google na Cloudflare, wekeni wazi utaratibu wa kufuta bili kwa tovuti za habari na za haki za binadamu zinaposhambuliwa namna hii. Anayelipa bili asiwe mlengwa.

Kuhusu VPN, programu zinazopitisha mawasiliano ya mtu kwenye njia iliyosimbwa hadi seva ya kwingine ili kukwepa uzuiaji, tutasema kwa ufupi lakini kwa mkazo. Apple ilianza kuziondoa kwenye duka lake la China mwaka 2017, na Julai 2024 ikaondoa 25 kwenye duka la Urusi kwa agizo la Roskomnadzor, mdhibiti wa mtandao wa nchi hiyo. Kwenye simu ya Android mtu anaweza kusakinisha faili nje ya duka. Kwenye iPhone katika nchi nyingi hana mlango mwingine, kwa hiyo agizo moja kwa Apple linafunga nchi nzima. Afrika Mashariki inatazama. Januari 2021 Facebook iliondoa akaunti zilizohusishwa na wizara ya habari na mawasiliano ya Uganda. Siku iliyofuata serikali ikaifungia Facebook, na jioni ya tarehe 13, usiku wa kuamkia uchaguzi, ikazima mtandao wote kwa takriban siku tano. Facebook ikabaki imefungiwa kwa miaka iliyofuata, na Waganda wakaipata kwa VPN. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, iliwataka wanaotumia VPN wajitaje na anwani zao za IP kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Agizo la kuziondoa dukani likija Dar es Salaam au Kampala, jibu lenu liwe limeshaandikwa: amri ya mahakama inayotaja programu moja kwa jina, rufaa kabla ya utekelezaji, na mwenye programu ajulishwe siku hiyo hiyo.

Mtandao ukizimwa wote, VPN haisaidii kitu. Hapo kinachobaki ni simu kuongea na simu kwa Bluetooth na Wi-Fi. Ndiyo maana tulisikitika Novemba 2022, Apple ilipoweka kikomo cha dakika 10 cha kupokea faili za AirDrop, njia ya iPhone kutumiana faili bila mtandao, kutoka kwa mtu yeyote, ikaanzia China wakati ambao waandamanaji walikuwa wakiitumia kusambaza ujumbe. Sababu iliyotolewa ilikuwa faili za kero, na kweli kero ipo. Mpeni mtumiaji uamuzi wa muda.

Google, kuna jambo lenu dogo la mwaka 2012 tunalotaka mlirudishe. Mlipima maneno 350,000 yanayotafutwa zaidi China, mkabaini ni herufi zipi zikiandikwa muunganisho unakatika. Mojawapo ilikuwa herufi ya kawaida kabisa yenye maana ya mto, iliyokuwa pia jina la ukoo la kiongozi mstaafu. Mkaanza kumwonya mtumiaji kabla hajabofya kutafuta: neno hili huenda likakukatia mtandao kwa dakika moja hivi, hilo halitokani nasi. Desemba mwaka huo huo mkaliondoa kimya kimya. Onyo lile lilikuwa na thamani kubwa, kwa sababu mdhibiti hodari hutaka uamini kwamba ni mtandao wako mbovu au ni bando limeisha. Vivinjari vyenu vinao uwezo wa kutofautisha seva iliyokufa na muunganisho uliokatwa kwa pakiti za kughushi. Mwambieni mtu.

Tumefika kwenye maonyo ya udukuzi, na hapa tutakaa kidogo. Google ilianza kuwaonya watumiaji wanaolengwa na dola Juni 2012. Apple ilianza Novemba 2021. Miongoni mwa waliopata onyo ni wafanyakazi wa ubalozi wa Marekani waliokuwa Uganda au wakishughulikia mambo ya Uganda, ambao simu zao zilikuwa na Pegasus, programu ya ujasusi ya kampuni ya NSO ya Israeli. WhatsApp mwaka 2019 iliwajulisha walengwa wapatao 1,400, wakiwemo wapinzani wa Rwanda walioko nje, kwamba simu ya video isiyopokelewa ilitosha kuingiza programu hiyo. Ikaenda mahakamani, na Mei 2025 baraza la wazee wa mahakama likaamuru NSO ilipe takriban dola milioni 167. Oktoba jaji akazipunguza hadi milioni 4, lakini akaipiga marufuku NSO kuigusa WhatsApp tena, na marufuku hiyo ina uzito kuliko fedha.

Maonyo hayo yanaokoa watu. Yanakwama kwa sababu tunazoziona kila mara. Barua ya onyo inafanana mno na barua ya kitapeli, kwa hiyo mtu makini huifuta. Matapeli nao wanaiga. Inafika kwenye anwani asiyoifungua. Na akiiamini, jambo la kwanza analofanya ni kufuta simu yote na kuanza upya, akiwa amefuta na ushahidi. Onyo litokee ndani ya mipangilio ya simu au akaunti, mahali ambapo mtu anafika mwenyewe bila kubofya kiungo. Lije kwa lugha anayoitumia. Liseme ni simu ipi au akaunti ipi, na ni kipindi gani kwa kukadiria. Tunaelewa kwamba mnachelewesha kidogo ili mdukuzi asijue mmemwonaje, lakini mwezi tu unatosha. Kisha liseme cha kufanya kwa mpangilio huu: usifute wala usirudishe simu kwenye hali ya kiwandani, tengeneza nakala kwenye kompyuta kwa kuweka nywila, maana nakala ya iPhone yenye nywila hubeba rekodi nyingi zaidi za uchunguzi kuliko isiyo nayo, hifadhi faili ya uchunguzi wa mfumo, ndipo usasishe, uwashe ulinzi mkali wa iPhone uitwao Lockdown uliopo tangu iOS 16, na utafute mtaalamu. Apple, Aprili 2024 mliondoa kwenye maonyo maneno yanayotaja dola mkaweka programu za ujasusi za kukodi. Mlengwa anahitaji kujua kwamba anayemwinda ana polisi na ana kampuni ya simu. Rudisheni maneno yale.

Kwa sababu hiyo hiyo ya kampuni ya simu, acheni kutuma namba za kuthibitisha kwa meseji kama njia ya mwisho ya kurudisha akaunti. Aprili 2016 wanaharakati wawili wa Moscow walipoteza Telegram zao usiku: huduma ya meseji kwenye laini zao ilizimwa, namba ya kuingilia ikaombwa, ikaishia mikononi mwa mwingine. Programu haikuvunjwa mahali popote. Mtu akishaweka ufunguo wa USB, kile kifaa kidogo cha kuchomeka kinachothibitisha kwamba ni yeye, au ufunguo wa siri ndani ya simu, apewe nafasi ya kuiondoa kabisa namba yake ya simu kwenye akaunti, na mfumo usiirudishe kwa mlango wa nyuma anapobofya "nimesahau nywila". Funguo za USB za bei nafuu ni dola 25 hadi 30 kabla ya ushuru na usafirishaji, na zinahitajika mbili, maana moja hupotea. Mwandishi wa Bujumbura au Goma hana fedha hizo. Zileteni bure kupitia vyama vya waandishi na mawakili.

Microsoft, lenu ni la rekodi. Mwaka 2023 kundi la China lilipata ufunguo wenu wa kutia saini wa mwaka 2016, uliokuwa umepitwa na muda wa kustaafishwa, likajitengenezea ruhusa za kuingia kwenye barua pepe za mashirika zaidi ya 20, ikiwemo wizara ya mambo ya nje ya Marekani, ambako zilichukuliwa barua zipatazo 60,000. Wizara hiyo ndiyo iliyogundua, katikati ya Juni, kwa sababu ilikuwa inalipia daraja la juu la leseni, lenye rekodi zinazoonyesha barua ipi imefunguliwa na programu ipi. Wa daraja la chini hawakuwa na kitu cha kutazama. Bodi ya serikali ya Marekani iliyochunguza ikasema Aprili 2024 kwamba uvamizi huo ungeweza kuzuilika. Mlitangaza kuzipanua rekodi za bure na kuziweka kwa siku 180. Tunataka zote, kwa kila mteja, kwa mwaka mzima, zikiwa zimewashwa tangu siku ya kwanza, kwani wizara nyingi za Afrika na karibu magazeti yake yote yako kwenye daraja la chini.

Mwisho, taarifa zenu za uwazi zinatupa jumla tu: maombi kadhaa, nchi fulani, nusu mwaka. Kuanzia taarifa ijayo tunaomba kila programu iliyoondolewa, kila matokeo yaliyofichwa na kila akaunti iliyofungwa kwa ombi la serikali iwe na mstari wake: tarehe ya ombi, ofisi iliyoomba, kifungu cha sheria kilichotajwa, kama kulikuwa na amri ya mahakama, na tarehe mliyotekeleza au kukataa. Iwe katika faili ambayo fundi anaweza kuipakua na kuipanga. Tukiwekea mistari hiyo pembeni tarehe za udukuzi tunazozikuta kwenye simu za watu, tutaweza kuwaambia ninyi na wao ni nchi gani inajiandaa.

Ni sisi,
Mafundi wa mitandao na walinzi wa mifumo wa Afrika Mashariki